Mpini Uliokaa Chini ya Mkeka wa Matanga

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, ni hii ya juzijuzi tu, baiskeli zikiwa bado na vibao vya namba, palikuwa na kijiji kikiitwa Lukonde. Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mimi nikishaanza sipendi kukatizwa.

Lukonde kilikaa bondeni, mto mbele, mlima nyuma. Mto ule uliwahi kufurika ukachukua watu kumi na tisa kwa asubuhi moja, sufuria za uji zikiwa bado mekoni. Baada ya msiba ule wakaletewa king'ora. Si cha umeme, cha kuzungusha kwa mkono. Tumbo la chuma, mdomo mpana wa bati, na mpini mmoja unaochomekwa ubavuni. Ukizungusha polepole kinaguna. Ukizungusha kwa nguvu kinalia mpaka mashamba ya ng'ambo yanasikia. Kikasimikwa juu ya nguzo penye mwinuko, karibu na shule, na mtunzaji akachaguliwa. Jina lake Semeni.

Semeni alikuwa fundi baiskeli, mwanamke wa maneno machache na mikono myeusi kwa grisi. Miaka kumi na moja alikitunza king'ora kile. Alikwangua kutu, alikaza nati, alitia grisi, alitoa majani na viota mdomoni mwake. Kila mwezi ulipoandama alikizungusha kidogo huku ametega sikio. Alijua kwa sikio tu kwamba beringi imeanza kuchoka, kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Lakini mtoto wa kumzaa hakuwa naye. Na pale Lukonde asiyejaliwa mtoto hutegemea somo, yaani mtoto wa mwenzake aliyepewa jina lake. Somo ndiye atakayemchotea maji uzeeni, na siku akifa, jina lake litaendelea kuitwa uani. Semeni hakuwa na somo hata mmoja. Watu walimheshimu, baiskeli walimletea, ila mtoto akizaliwa jina la Semeni hakuna aliyelikumbuka. Lilimuuma jambo hilo. Nasema wazi, lilimuuma sana.

Mwaka huo alikuwapo Mwajabu, mke wa mwalimu, mgeni pale kijijini, mimba yake kubwa. Alikuwa akipita karakana kwa Semeni kupumzisha miguu na kutania.

"Dada Semeni," alisema siku moja, "mimi huku ugenini sina shangazi wala bibi. Huyu wangu nitampa jina la mtu atakayenitendea jema kuliko wote."

"Basi leta hiyo baiskeli ya mumeo niikaze breki," Semeni akasema, na wote wawili wakacheka. Mwajabu alicheka akasahau. Semeni hakusahau.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo kilipolala kisa chenyewe. Miaka ya mwanzo, Semeni akikijaribu king'ora mchana wa mwandamo, jeneza lilikuwa linapitishwa njiani. King'ora kikalia. Wachukuzi wanne, wanaume wazima wenye ndevu zao, wakaliweka jeneza chini wakakimbilia mlimani, na waombolezaji wote nyuma yao. Marehemu akabaki peke yake katikati ya njia, na mbuzi mmoja. Aibu ile haikufutika. Baraza la kijiji likakaa, likaamua: mtu akifariki Lukonde, king'ora kinanyamaza. Mtunzaji anachomoa mpini, anaupeleka kwa wafiwa, unawekwa chini ya mkeka wa matanga siku tatu. Siku hizo hakuna wa kukigusa king'ora, hata mtunzaji. Na mpini haurudishwi na mtu mwingine ila mfiwa mkuu, kwa mkono wake, siku matanga yanapoanuliwa.

Semeni aliomba apewe ruhusa ya kuchongesha mpini wa pili. Baraza likasema wa pili wa nini, unataka kutuaibisha mara mbili? Akarudi kwenye baiskeli zake.

Basi akafariki Mzee Kibwana, mume wa Bi Mashavu. Ilikuwa masika. Semeni akapanda nguzoni kuchomoa mpini. Alipochungulia mdomoni mwa king'ora aliona kiota cha nyigu, wale wanaojenga kwa udongo, kikubwa kama ngumi. Alikuwa amekiona kikianza wiki iliyotangulia, akasema kesho. Siku hiyo nayo akatazama juu, akatazama njia, watu wanaelekea mazikoni, nyigu wanauma, akasema: nitakitoa nikirudishiwa mpini. Akashuka. Hakumwambia mtu. Mimi nimejuaje? Wewe sikiliza.

Siku ya pili ya matanga, saa nne asubuhi, jua linawaka kijijini, ila mlimani mvua ilikuwa haijakatika tangu jana. Semeni ameketi karakana anaziba tairi. Akasikia watoto wanashangilia kutoka mtoni. Kisha akasikia wanawake nao. Akatoka kutazama.

Mto ulikuwa umekauka.

Si kupungua, kukauka. Mawe yametoa migongo nje, matope yanang'aa, na kambare wanarukaruka kwenye vidimbwi. Kijiji kizima kilikuwa kinashuka na mabeseni. Watoto, wazee, hata watu waliotumwa kuni msibani. Mwajabu naye alikuwamo, kanga ameifunga chini ya tumbo, beseni la bluu mkononi, anachagua samaki. Alimwona Semeni akampungia.

Kabla Semeni hajapunga, akatokea Kobelo. Huyu Kobelo ndiye aliyekuwa mwangalizi wa jiwe la kupimia maji kule juu ya mto. Jiwe lile lilichorwa mstari mwekundu, na amri ilikuwa hivi: maji yakifika mstari, Kobelo anashuka mbio, Semeni anazungusha. Kobelo amekuja mbio, kandambili zimekatika, pumzi hana.

"Semeni, zungusha," akasema.

"Maji yamefika mstari?"

"Hayajafika. Yameisha kabisa. Alfajiri nilisikia mlima unanguruma, nikadhani radi. Mto haukauki masika, Semeni. Kama maji hayapo hapa, yapo mahali. Udongo umeporomoka umeyaziba huko juu, na hautayashika siku nzima."

"Umewaambia hao?"

"Nimewaambia nikiwa napita. Wamenicheka. Wananiambia Kobelo chukua beseni, king'ora hakijalia."

Semeni akautazama mto. Miaka kumi na moja alikuwa amewafundisha watu wale jambo moja tu: king'ora kikilia, kimbieni. Wao wakajifunza na la pili ambalo hakuwafundisha: kisipolia, msikimbie. Mto mkavu, king'ora kimya, watu wako ndani ya mto.

"Mpini uko kwa Bi Mashavu," akasema.

"Najua. Twende."

Wakakimbia. Kobelo akageukia mtoni kujaribu tena kuwatoa watu, Semeni akapanda njia ya msibani. Alifika pale wanaume wameketi mkekani, ubani unanuka, kahawa inazunguka. Akavua viatu, adabu haikumtoka hata hapo. Mbele yake akasimama Mbena, mdogo wa marehemu, mjumbe wa baraza.

"Shemeji Mbena, naomba mpini."

"Matanga hayajaanuliwa."

"Naomba mpini, watu wako mtoni."

"Maji yamefika mstari mwekundu?"

"Hayajafika. Yamekauka."

Mbena akawatazama wenzake, kisha akamtazama Semeni kama mtu anayemtazama mlevi. "Yamekauka. Mto umekauka, ndiyo unataka kukiliza king'ora cha mafuriko juu ya kaburi la kaka yangu, hata siku tatu hazijatimia. Semeni, umeumwa?"

"Kobelo ndiye anasema."

"Kobelo amepewa kazi ya kuangalia maji yakipanda. Yakishuka nani kamuuliza?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la msibani. Semeni akapaza sauti kuelekea chumba cha ndani, ambako Bi Mashavu alikuwa amekaa eda nyuma ya pazia, juu ya mkeka, na mpini chini yake.

"Dada Mashavu, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nahitaji mpini."

Sauti ikatoka, ya mtu aliyelia mpaka sauti ikakauka. "Una hakika, Semeni?"

Hapo angeweza kudanganya. Angesema maji yamefika mstari, na mpini ungetoka pale pale. Lakini Semeni hakuzoea uongo. "Sina hakika, dada," akasema. "Sijaona maji. Nimeona mto mkavu na Kobelo anatetemeka."

Bi Mashavu akanyamaza. Akanyamaza mpaka kahawa ya mtu ikapoa mkononi. Nyuma ya pazia mjane yule alikuwa anapima mambo. Mume wake alikuwa na siku mbili kaburini. Akitoka nje amevunja eda mbele ya wanaume wa ukoo, na nyumba ile ni ya ukoo. Na yeye ni yule yule Mashavu ambaye binti yake wa pekee alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa.

Pazia likafunguka. Akatoka amejifunika shuka jeupe, miguu mitupu, mpini mkononi. Wanaume wakainamisha macho.

"Mashavu," Mbena akasema, "ukivuka kizingiti hicho usirudi."

"Matanga nimeyaanua," Bi Mashavu akasema, na akavuka.

Desturi ilisema mfiwa aurudishe kwa mkono wake, naye akaurudisha kwa mkono wake, mbio, mwanamke wa miaka sitini, shuka linaburuta vumbi. Wakafika nguzoni. Semeni akapanda, akachomeka mpini, akazungusha kwa nguvu zake zote.

King'ora kikakohoa.

Akazungusha tena. Kikaguna, sauti nzito ya kukwaruza, haifiki hata shuleni. Kule mtoni watu wachache waliinua vichwa, wakasikiliza, wakainama tena kwenye samaki. Mdomoni mwa king'ora nyigu walianza kutoka mmoja mmoja.

Semeni alijua. Hakuhitaji kufungua kitu wala kuchunguza. Akaingiza mkono mzima kwenye mdomo wa bati, akakishika kile kiota. Nyigu wakamla kiganjani, wakamla kwenye kifundo, wakamla shingoni. Udongo umekauka haubanduki. Akavuta, akakwangua kwa kucha, akatoa kipande, akatoa kingine. Chini Bi Mashavu alikuwa anamuuliza nini, kuna nini, na yeye hakujibu. Muda uliopita ni wa kuchambua sinia moja la maharage. Kumbukeni maharage hayo, nitayarudia.

Kipande cha mwisho kikaanguka. Akazungusha.

Kikalia. Safari hii kikalia hasa, mpaka madirisha ya shule yakatetemeka. Mtoni mabeseni yakatupwa. Watu wakapanda kingo kwa mikono na miguu, Kobelo anawavuta, watoto wanarushwa juu. Semeni alimwona Mwajabu, beseni la bluu bado mkononi, amesimama katikati ya mawe kama mtu aliyesahau njia. Akazungusha kwa nguvu zaidi. Mwajabu akalitupa beseni. Akapanda, akateleza, akapanda, akafika nyasi. Mdomo wa king'ora ulikuwa shubiri moja kutoka sikio la kulia la Semeni, naye hakuacha.

Kisha maji yakaja. Hayakuja kama maji, yalikuja kama mlima unaotembea, ya kahawia, na miti imesimama ndani yake. Yakapita pale walipokuwa wakiokota kambare. Yakakata kona, yakachukua nyumba nne za kando, ambazo wenyewe walikwisha kimbia. Semeni alizungusha mpaka Bi Mashavu alipopanda kumshika mkono. Mdomo wa Bi Mashavu ulikuwa unasema kitu. Upande wa kulia Semeni hakusikia, na mpaka leo hasikii.

Watu wa mtoni walipona wote. Mchana huo huo, mlimani, juu ya kanga za majirani, Mwajabu akajifungua mtoto wa kike.

Akafa mtu mmoja tu. Bi Mwanamkasi, mama yake Kobelo, bibi wa mkongojo, aliyekaa peke yake penye kona ya mto. Walimkuta jioni, mkongojo bado mkononi. Alikuwa amekwisha toka nyumbani. Alikuwa njiani, amebakiza kama hatua thelathini kufika kwenye mwinuko.

Siku ya saba wakakusanyika kwa mwalimu, mtoto atolewe nje apewe jina. Mwajabu sasa alikuwa ameyakumbuka aliyoyasema karakana, na kijiji kizima kilikuwa kimekwisha yasikia. Mtoto apewe jina la aliyemtendea mama yake jema kuliko wote. Ndipo maneno yakaanza.

Jirani mmoja akasema jina ni Semeni, hilo halina mjadala. Nani amekitunza king'ora miaka yote hiyo? Nani ameumwa na nyigu mpaka mkono ukavimba kama muhogo? Nani ametoa sikio lake? Mtoto aitwe Semeni.

Bi Mashavu alikuwa amekaa pembeni, kwa sababu alikuwa hana tena kwake; Mbena alimtolea vitu vyake nje, kimoja kimoja, na sasa alilala kwa Semeni. Akasema polepole: "Mimi sikutaka kusema. Lakini king'ora bila mpini ni chuma. Kila mtu siku ile alifanya kazi yake. Mimi haikuwa kazi yangu. Nimemwacha mume wangu hajamaliza hata siku tatu, na nyumba nimeiacha. Binti yangu, mto ulipofurika mara ile ya kwanza, ulimchukua na jina lake. Nikipata somo, nitakuwa na mtu."

"Lakini ulikaa kimya nyuma ya pazia, dada," mtu akasema. "Tulikuwapo. Ulikaa kimya muda mrefu."

"Nilikaa," Bi Mashavu akasema. "Sikatai."

Kobelo akainuka. Alikuwa amekonda kwa siku zile saba. "Mimi jina langu silitaki," akasema. "Nawaombea jina la mama. Nilipokuwa nashuka kutoka kwenye jiwe, njia ile inapita mlangoni kwake. Alikuwa amekaa na sinia anachambua maharage. Aliniambia, Kobelo, njoo unywe uji. Nikasema moyoni, nikisimama kumbeba nitachelewa, na wale mtoni wote watakufa. King'ora kitamwambia. Nikapita. Sikumwambia hata neno, maana ningemwambia angeniuliza, na ningemjibu. Nikapita kwa ajili yenu. Nikapita kwa ajili ya huyo aliyekuwa tumboni."



"Na alikisikia king'ora," Kobelo akaongeza. "Alikuwa njiani. Angepata muda kidogo tu mbele yake, angefika."

Semeni alikuwa amekaa ukutani, amegeuza sikio la kushoto. Alisikia kila neno. Mkono wake uliovimba ulikuwa mapajani, na alikuwa akiutazama. Kuhusu kile kiota, hakuna mtu aliyejua kilianza lini. Waliona ushujaa tu. Hata Bi Mashavu aliyesimama chini ya nguzo aliona ushujaa.

Ugomvi ukapanda. Huyu anasema Semeni, huyu anasema Mashavu, huyu anasema Mwanamkasi. Mwisho Mwajabu akanyanyuka, akapita katikati ya watu wale, akapiga magoti upande wa kushoto wa Semeni ili asikike, na akamweka mtoto juu ya mkono ule uliovimba.

"Dada Semeni," akasema, "mimi sikuona kitu, nilikuwa nakimbia. Wewe peke yako ndiye uliyekuwapo kote. Kobelo alipofika ulikuwapo. Pazia lilipofunguka ulikuwapo. Nguzoni ulikuwapo. Wewe unajua ilivyokuwa kuliko sisi sote. Sema jina lolote, hata kama ni lako, nami nitamwita hilo hilo mpaka nife. Kobelo, umekubali?"

"Nimekubali," Kobelo akasema. "Semeni hadanganyi."

"Bi Mashavu?"

"Nimekubali."

Mtoto akafumbua macho. Semeni hakuwahi kushika mtoto mchanga muda mrefu namna ile, watu hawakuwa na desturi ya kumpa. Alimtazama, akamtazama Bi Mashavu aliyekosa nyumba, akamtazama Kobelo aliyekosa mama. Akakumbuka udongo ule chini ya kucha zake. Watu wote wakasogea karibu.

Akafungua mdomo.

Mimi naishia hapo. Usinivute nguo, nimesema naishia hapo. Aliyenisimulia naye aliishia hapo hapo, na mpaka leo tukikutana tunagombana. Sasa niambieni ninyi, tena kila mmoja aseme lake asiibe la mwenzake: jina lile nani alilistahili, na kama ungekuwa wewe ndiye Semeni, mtoto yuko mkononi na Kobelo anakutazama, je, ungemtaja nani, na kile kiota ungekisema?